Dole gumba lapata kiti, gitaa halikutobolewa

Katika kundi lolote la muziki macho ya watu huwa kwa mwimbaji, na yakishatoka kwake huenda kwa mpiga solo. Mpiga besi hukaa nyuma karibu na ngoma, na ni nadra kupigiwa makofi. Walakini mwondoe huyo uone kama wimbo utasimama. Msomaji aliyewahi kusikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978, bila shaka anaijua besi ya Tom Malanga hata kama hakuwahi kulisikia jina la mpigaji. Nathubutu kusema wako watu waliosahau nusu ya maneno ya wimbo ule, lakini mwendo wa besi wanao kichwani mpaka leo.

Mpigaji huyo asiyetazamwa ana taabu yake, nayo ni ya kidole kimoja. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, ndivyo vinavyochokoa nyuzi. Je, dole gumba likae wapi? Likining'inia hewani, mkono mzima hubebwa na bega, na baada ya saa mbili kiwiko na kifundo cha mkono huanza kulalamika. Wengi huliegemeza juu ya pikapu, yaani kile kisanduku cha sumaku kinachonasa sauti chini ya nyuzi (sisemi lile gari la kubebea mizigo). Wengine hulilaza juu ya uzi mnene, na hapo uzi ule ukitakiwa kulia, dole halina budi kuhama.

Wazee wa taarabu hawakuwa na shida hii. Mpigaji wa dabal besi katika vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa cha Unguja husimama na chombo chake kirefu, na anapochokoa nyuzi kwa vidole, dole gumba lake huegemea ubavuni mwa shingo ya chombo. Mahali pake pako tangu zamani. Chombo kilipolazwa na kuvaliwa begani kwa mkanda, mahali hapo pakapotea.

Leo Fender wa California, aliyeleta besi yake ya umeme iitwayo Precision mwaka wa 1951, hakusahau kutia kiegemeo, ila alikitia chini, upande wa nyuzi nyembamba. Alidhani watu wangeshika pale kwa vidole na kupiga kwa dole gumba. Wapigaji wengi wakafanya kinyume chake. Ilikuwa miaka ya 1970 ndipo kampuni hiyo ilipokihamishia juu, upande wa uzi mnene, dole gumba likapata kiti. Kiegemeo hicho hushikwa kwa skrubu mbili zinazoingia ndani ya mti, na ukikiondoa, matundu mawili hubaki yakikukodolea macho.

Matundu hayo mawili ndiyo yaliyonipeleka Ruiru.

Kijana mmoja wa Kisauni, aliyekuja bara kutafuta riziki katika viwanda vya Thika, hupiga besi siku za mapumziko katika harusi na shughuli za watu. Besi si yake. Ni ya mzee mmoja wa Ruiru aliyekuwa mpigaji katika makundi ya Nairobi enzi za sahani za santuri, na sasa amestaafu na kufuga kuku. Gitaa lenyewe ni la umbo lile la Precision, rangi yake ya kahawia imepasuka nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi. Mzee halitoi kwa kila mtu. Kijana amepewa kwa sharti la kulitunza, na siku akiambiwa alirudishe, alirudishe. Kwetu pwani amana ni amana, haihitaji maelezo.

Nilifuatana naye siku aliyokwenda kuomba ruhusa. Matatu ilitushusha kando ya ile barabara pana ya Thika iliyofunguliwa mwaka wa 2012, tukatembea kidogo hadi kwa mzee.

"Shikamoo mzee," kijana alisema.

Mzee alicheka, kwani huku bara salamu hiyo haisikiki sana. "Marahaba, kijana wangu. Hiyo gitaa inakaa aje?"

"Inakaa vizuri, ila mkono unaniuma. Naomba ruhusa nitie kiegemeo cha dole gumba. Ni skrubu mbili tu, mzee."

"Skrubu mbili? Hapana. Mimi nilikupa gitaa ya kupiga, sikukupa mti ya kutoboa. Dole weka hapo kwa pikapu kama mimi."

Kijana alieleza kwa adabu kwamba dole likikaa kwenye pikapu, vidole navyo hulazimika kupiga hapo hapo. Yeye alitaka kusogea kuelekea shingoni, kwa sababu uzi ukichokolewa karibu na shingo sauti huwa nene na ya mviringo, na ukichokolewa karibu na daraja huwa kavu na kali. Mzee analijua hilo kuliko sisi. Alinyamaza, kisha akasema kwamba ikiwa kitu hicho kitaweza kuondolewa na asione hata alama, yeye hana neno. Akiona alama, gitaa litabaki Ruiru.

Hayo hayakuwa maneno ya mchezo. Jumamosi ya pili yake kijana alikuwa na harusi ambayo malipo yake alikwisha kuyapangia kodi ya nyumba.

Basi tukaendelea hadi Thika, kwa seremala mmoja afanyaye kazi upande wa viwandani. Mtu huyu ametengeneza vitanda na makabati maisha yake yote na hajui hata jina la uzi mmoja, na nadhani hiyo ilikuwa bahati yetu. Hakuliona gitaa kama gitaa. Aliliona kama ubao wenye vanishi ya zamani, na vanishi anaijua.

Jambo la kwanza alilosema ni kwamba hagusi rangi. Vanishi za zamani za namna ya selulosi huyeyushwa na tina, na gundi au mpira ukikaa juu yake muda mrefu unaweza kuilainisha au kuacha doa. Lakini juu ya uzi mnene pana bamba la plastiki lililofunika mti, nalo ndilo lililotengenezwa ili likwaruzwe badala ya mti. Kiegemeo kikae juu ya bamba.

Kijana akauliza kama gundi kali ile ya matone haitoshi. Itatosha, fundi akajibu, na haitatoka tena ila na kipande cha plastiki. Alifikiri pia kuchonga bamba la pili la mfano ule ule, akibandike kiegemeo juu yake, na lile la asili liwekwe sandukuni. Hiyo ni njia nzuri, na mwenye nafasi naishauri, lakini inataka siku kadhaa na plastiki ya unene uleule.

Alichofanya ni hiki. Alichukua kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango, akakikata urefu wa inchi mbili na nusu na upana wa nusu inchi, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama tasbihi iliyozoea mkono. Kimo chake alikipunguza kidogo kidogo, akimwambia kijana ajaribu, mpaka kikawa chini ya uzi kwa unene wa shilingi. Kikizidi uzi, dole hukwama likitaka kushuka. Kisha akalipangusa bamba, akabandika juu yake utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi kuzuia rangi isivuke mpaka. Utepe mwingine akaubandika chini ya kipande cha mvule. Gundi kali ikatiwa katikati, juu ya migongo ya tepe hizo mbili, matone machache tu ili isimiminike pembeni. Akabana kwa mkono kwa dakika chache. Gundi ikashika utepe kwa utepe. Plastiki haikuonja hata tone.

Kukiondoa ni kazi ya watu wa pwani. Unachukua mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, unaupitisha chini ya kipande, unausawa huku na huku kama msumeno. Utepe uliobaki huchunwa taratibu. Unata ukibaki, kitambaa chenye petroli kidogo ya kiberiti cha kujazwa huumaliza, na usithubutu kutumia tina.

Nimeona nitoe onyo kwa wapigaji wa Mombasa, Lamu na Tanga. Thika kuna baridi. Kwetu joto na jasho hulegeza unata, na gitaa likiachwa ndani ya gari mchana kipande kinaweza kuteleza. Kijaribu kwa kidole kabla ya kupanda jukwaani. Na utepe usiuache miezi na miezi, kwani hukauka ukawa mgumu kutoka. Bora uondolewe na kubandikwa mwingine.

Harusi ilipigwa na kipande hakikutikisika. Siku ya pili yake kijana alikwenda Ruiru, akakiondoa mbele ya macho ya mzee kwa mshipi. Mzee alilipeleka gitaa mlangoni penye mwanga, akaliinamisha, akapitisha ukucha juu ya bamba mara mbili. Hakusema limependeza wala halikupendeza. Alisema kiegemeo ni uvivu wa vijana, kirudishwe, na kila mwisho wa mwezi gitaa liletwe likaguliwe.