Uhakika na Ukubwa wa Pigo: Uchaguzi wa Sihiri za Mashambulizi za Daraja la Kwanza katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Katika masimulizi ya Ufipa, ambako jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", radi iliyotumwa na mchawi husemwa kuwa haimkosi aliyekusudiwa. Katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, toleo la mwaka 2014, suala la kukosa ndilo kiini cha uchaguzi. Mchawi wa ngazi ya kwanza huwa na nafasi 2 tu za sihiri za daraja hilo kabla ya kupumzika. Pigo likienda kombo, nusu ya akiba yake imepotea.

Sihiri ya tufe, Chromatic Orb, hupimwa kwa dadu 3 za pande 8, sawa na wastani wa pointi 13.5 za madhara. Hata hivyo, ikilenga shabaha mara 6 katika 10, wastani huo hushuka chini ya 9. Vishale 3 vya Magic Missile havikosi kamwe, na wastani wake ni 10.5. Mwali wa Burning Hands una wastani huohuo, ingawa anayefaulu kuukwepa hupata nusu ya madhara. Aidha, humlazimu mchawi mwenye uhai haba kuwakaribia maadui.

Kwa hiyo, dhidi ya adui mmoja, uhakika hushinda ukubwa wa pigo. Dhidi ya maadui waliosongamana, mwali ndio wenye tija zaidi.