Je, Wajua? Ada Inayotoka Kwenye Kahawa, Dagaa na Ufagio

Kuna kahawa inayouzwa ikiwa bado ua

Mkoani Kagera inaitwa butura. Mkulima anaiuza kahawa ingali mtini, pengine maua tu, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anadaiwa ada leo na mavuno bado yako mbali. Robusta huchukua karibu miezi kumi tangu ua lichanue hadi tunda liive, kwa hiyo mnunuzi wa butura anajitwalia jasho la karibu mwaka mzima. Serikali imeipiga marufuku, lakini ada haisubiri msimu. Ndiyo maana shilingi anayojipatia mwanafunzi mwenyewe chuoni ina uzito wa pekee Bukoba na Muleba: inaweza kuufanya mbuni ubaki mali ya nyumbani mpaka siku ya kuchuma.

Likizo ndefu imeangukia mavunoni

Kahawa ya Kagera huchumwa kati ya Mei na Oktoba, na likizo ndefu ya vyuo vikuu imo humo humo! Mwanafunzi anayerudi Kamachumu au Katerero anakuta kazi inamngoja kibanjani: kuchuma, kuanika, kugeuza, kisha kubeba kahawa ya maganda hadi chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Hakuna ofisi ya ajira iliyoipanga ratiba hiyo.

Mwezi mpevu huwapumzisha wavuvi

Visiwani Muleba, kama Bumbire na Goziba, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikienea ziwani, taa hazivuti tena samaki, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Kwa kijana wa chuo anayetafuta kibarua cha kuanika na kufungasha dagaa, hii ni kalenda isiyodanganya: akiutazama mwezi angani anajua ni siku zipi kazi itajaa na zipi arudi kwenye madaftari.

Zaidi ya vijana 40,000 walisomea ualimu huku wakifundisha

Ndiyo, 40,000! Tanzania ilipoamua mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakapelekwa shuleni: sehemu moja ya siku wanafundisha, sehemu nyingine wanasoma wao wenyewe chini ya mkufunzi, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Ukiwakusanya katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, ungejaa na umati ungebaki nje barabarani. Wapo waliowadharau, na kweli mafunzo yao yalikuwa ya haraka, lakini mimi nawavulia kofia. Wengi wetu tulijifunza kusoma mikononi mwao.

Chuo kimoja hakijatoza ada ya masomo tangu 1892

Ni Berea College, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Kila mwanafunzi hapo hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki: maktabani, shambani, kwenye ufumaji, hata kwenye karakana ya kutengeneza mifagio, ambayo bidhaa zake huuzwa kwa fahari kubwa. Fedha nyingi za kukiendesha chuo hutoka kwenye mfuko wa akiba na michango ya wafadhili, si kwenye mifagio, ila mwanafunzi anapata malipo, ujuzi na heshima ya kuchangia. Saa 10 hazifiki hata robo ya saa 45 ambazo sheria ya kazi ya Tanzania inaziweka kuwa kikomo cha kawaida cha wiki. Natamani sana kuona jambo kama hilo vyuoni Ndolage au Kagondo, Muleba: mwanafunzi wa uuguzi analipwa saa chache za maktaba, bustani au jiko, na mzazi wake hauzi maua ya kahawa.

Na si ndoto ya mbali. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina mpango wa kuwapa wanafunzi wenye uhitaji kazi za muda hapo hapo chuoni.

Usiku una bei yake

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zilipwe nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mwanafunzi aliyeajiriwa mapokezi ya nyumba ya wageni mjini Bukoba aikumbuke siku ya mshahara.

Boom hulipwa, kisha hurejeshwa

Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita boom, kwa mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu ni shilingi 10,000 kwa siku. Akishaajiriwa, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi: katika kila shilingi 100,000, shilingi 15,000 zinarudi. Kibarua cha likizo hakidai kitu baadaye.