Meli ya kubeba ndege: usalama huanza kwa kuokota skrubu

Sisi wa Beni na Butembo bahari iko mbali nasi, lakini ndege tunazijua. Helikopta za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, tumeziona kwenye kiwanja cha Mavivi, na ndege ndogo hutua kile cha Rughenda. Basi swali la vijana wetu lina maana: watu wanaishije ndani ya meli iliyobeba kiwanja kizima cha ndege?

Meli za namna hiyo zimewahi kufika Afrika Mashariki. Askari wa Tanganyika walipoasi Januari 1964, Mwalimu Nyerere aliomba msaada wa Uingereza. Manowari HMS Centaur ilitoka Aden ikiwa na wanajeshi wa majini na helikopta. Alfajiri ya tarehe 25, helikopta hizo ziliruka kutoka kwenye sitaha na kuwashusha wanajeshi kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Dar es Salaam.

Manowari za Marekani za aina ya Nimitz ni kubwa kuliko hiyo. Urefu wake ni mita 333 hivi, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vikipangwa mstari mmoja, na hubeba watu wapatao 5,000. Marubani ni wachache. Wengine ni mafundi, wapishi, wafua nguo, waganga na wazima moto, wengi wao vijana. Mabaharia wa kawaida hulala kwenye vitanda vya ghorofa tatu, kila mmoja na pazia lake, huku ndege zikinguruma juu ya vichwa vyao. Maji ya kunywa na kuoga hutolewa baharini na kuondolewa chumvi humo humo melini. Kwa kuwa kazi ni ya zamu usiku na mchana, chakula hupikwa hata usiku wa manane.

Juu ya sitaha kelele ni kali mno, sauti ya mtu haisikiki. Kila mtu huziba masikio na kuzungumza kwa ishara za mikono. Rangi ya fulana humtambulisha: njano huongoza ndege, zambarau hujaza mafuta, nyekundu hushughulikia silaha na ajali, buluu husogeza ndege na kuzifunga kwa minyororo.

Njia ya kurukia sitahani ni fupi, hivyo ndege husukumwa na mtambo unaoifikisha kwenye mwendo wa kuruka kwa sekunde mbili au tatu tu. Ikirudi, ndoano iliyo chini ya mkia hunasa waya uliotandazwa sitahani. Rubani akigusa sitaha hazimi injini, bali huiongezea nguvu hadi mwisho, maana ndoano ikikosa waya lazima aruke tena papo hapo.

Ila kazi ninayoiheshimu kuliko zote haihitaji mtambo wowote. Kabla ndege hazijaanza kuruka, mabaharia hujipanga bega kwa bega, wakatembea polepole kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, macho chini, wakiokota skrubu, kipande cha waya, hata kijiwe. Mwenye cheo na asiye na cheo huinama pamoja. Injini ya ndege hufyonza hewa kwa nguvu, na skrubu moja ikiingia ndani huweza kuvunja mapanga yake. Kwenye kiwanja cha kawaida hatari ni ile ile: Julai 2000, kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine kilipasua tairi ya ndege ya abiria aina ya Concorde kwenye kiwanja kilicho karibu na Paris, ikaanguka na watu 113 wakafa.

Usalama wa namna hiyo hauhitaji utajiri wa Marekani. Ndugu msomaji, njia ya ndege ya Rughenda au Mavivi si mahali pa kukatiza, kuchunga mbuzi wala kutupa chupa. Ukiona msumari au jiwe juu yake, mwambie mhusika wa kiwanja mara moja. Wazazi na walimu, wafundisheni watoto hivyo hivyo.