Maji Hayapigi Hodi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi wakaaji wa uwanda wa Kano tumeujenga huo ukuta mara nyingi mno, na mto Nyando huja ukaubomoa. Katika makala haya nataka kueleza jinsi jamaa ya kawaida inavyoweza kujitayarisha kabla ya mafuriko. Mwalimu wangu katika jambo hili yalikuwa maji yenyewe.

Kwanza tufahamu maji hutoka wapi, maana hapo ndipo wengi hukosea. Nyando huanzia kwenye milima ya Nandi na nyanda za juu za upande wa Kericho, kisha huteremka kwa kasi hadi kwetu ambako ardhi ni tambarare kama sinia, ndipo uelekee Ziwa Viktoria. Mvua ikinyesha huko juu, huku Ahero jua laweza kuwa linawaka na watu wanaanika mpunga. Tena udongo wetu mweusi ukishashiba maji haunywi mengine. Kwa hivyo anayengoja mawingu yafike juu ya paa lake ndipo ajitayarishe amechelewa. Sisi huangalia mawingu ya wenzetu.

Mwaka wa 2024 nilikuwa kidato cha pili. Mvua za masika za mwaka huo ziliua watu zaidi ya 290 nchini, wakiwemo wale wa Mai Mahiu waliosombwa tarehe 29 Aprili. Hata kufunguliwa kwa shule kuliahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Kwetu maji yaliingia saa nane za usiku. Nyumbani tuko watano: mama, nyanya (huyu ni mzazi wa baba, si zile nyanya ambazo mama huuza sokoni!), mimi na wadogo zangu wawili. Kila mtu alishika kilichokuwa karibu. Mdogo wangu alibeba redio isiyo na betri. Mama alivuta godoro ambalo lilikuwa limelowa tayari. Mimi, na msinicheke, nilibeba kiatu kimoja cha shule. Nyanya naye alikataa katakata. "Nendeni tu. Mimi siwezi kuwaacha mbuzi wangu." Mama alirudi mara mbili kumsihi, maji yakiwa magotini na giza totoro. Sasa najua kwamba maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usiku ule hatukujua. Ni Mungu tu.

Maji yalipopungua tulilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Vyeti vyetu vya kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba vilikuwa uji mtupu. Basi fomu za basari zikaja, na aliyefiwa na mzazi alitakiwa kuambatisha cheti cha kifo. Mama alienda na kurudi, nauli ikaisha, na cheti kipya kilipotoka fomu zilikuwa zimefungwa. Muhula ule nilikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya karo. Mafuriko yalikaa siku sita tu.

Ndipo tukaketi chini, nyumba ikiwa kavu, tukapanga. Karatasi zote sasa hukaa ndani ya kasuku kubwa, ule mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, kwa kuwa mfuniko wake hukaza sawasawa. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, kwa hivyo usiniulize kwa nini hatutumii mfuko.) Mle ndani mna vyeti, nakala za kitambulisho cha mama, dawa ya presha ya nyanya ya siku saba, kiberiti, tochi, sukari, chumvi na shilingi mia tatu ambazo hakuna ruhusa ya kuzigusa hata unga ukiisha. Fotokopi za vyeti ziko kwa shangazi, Kisumu. Kasuku hiyo hutundikwa karibu na mlango, na mwenye kuibeba ni mimi.

Jambo lililotusumbua zaidi lilikuwa nyanya. Kwa muda mrefu tulimwita mkaidi, kumbe mbuzi wale wanne ndio benki yake. Basi tulipiga rangi alama mbili kwenye mwarobaini ulio karibu na mto. Maji yakigusa alama nyeupe, au redio ikitangaza mvua kubwa nyanda za juu, mbuzi hupelekwa kwanza, tena mchana, kwa jamaa yetu anayekaa penye mwinuko. Yakigusa nyekundu, watu huondoka bila mkutano, hata mama akiwa sokoni, na sote hukutana shule ya msingi. Tangu mbuzi wapate mpango wao, nyanya mwenyewe ndiye huuliza, "Hatujaondoka bado?"

Tulifanya mazoezi pia, Jumamosi mchana. Mara ya kwanza dakika ishirini na mbili, mara ya tatu dakika nane. Majirani walicheka wakauliza kama tumeshindwa kulipa kodi. Wawili kati yao wameshakuja kuomba kasuku tupu.

Kuhusu maji ya kunywa nitasema kwa ufupi. Mafuriko huchanganya vyoo na visima, na hapo kipindupindu hakiko mbali. Jaza mitungi mapema, na ya kisima uyachemshe mpaka yatokote. Mtu akiharisha, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo huku mkitafuta njia ya kwenda hospitali. Nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199, haitozi pesa. Tumeiandika kwa makaa nyuma ya mlango, na mdogo wangu wa mwisho huiimba kama wimbo.

Fomu za basari za mwaka huu nilizijaza siku ileile zilipotolewa. Karani alikichukua cheti cha baba, akakinusa, akaniuliza mbona kinanuka mafuta ya kupikia.