Presha ya Macho si Mtoto wa Jicho

Miaka ya tisini, nikiwa mwalimu kijana, nilikaa Makongeni, kando ya Barabara ya Jogoo, katika nyumba zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Aliyetenganishwa nami na ukuta mmoja tu alikuwa mzee aliyefanya kazi ya reli kwa miaka mingi. Jioni moja alinibishia mlango, mkononi ana kadi ya kliniki. "Mwalimu," akasema, "nisomee hapa, nawe ndiwe msomi wetu."

Kadi ilikuwa na neno moja la Kiingereza lenye asili ya Kiyunani. Nililitamka kwa ufasaha. Maana yake sikuijua, wala sikukiri. Nikamwuliza aliambiwa nini huko. Akajibu kwamba muuguzi alisema macho yake yana presha. Basi mimi, msomi wa ploti, nikatoa hukumu: kama ni presha, apunguze chumvi na apunguze hasira. Mzee akashukuru, akaenda zake.

Alipunguza chumvi kweli. Dawa ya matone aliyopewa ilipokwisha hakurudi kuomba nyingine, kwa kuwa macho hayakumuuma. Miezi ikapita. Akaanza kujikwaa kwenye vizingiti na kugonga watu begani pale kituo cha basi, akiomba radhi kila mara. Nilipomhimiza arudi hospitali alitabasamu. Kaka yake huko mashambani alikuwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa na sasa anaona hata punje ya mtama. "Langu nangojea liive," akaniambia. Hatimaye mkewe alimshika mkono akampeleka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa likiona kama mtu achunguliaye kupitia bomba. Wakamwambia kilichopotea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kutunzwa.

Msomaji, mzee huyu hakukosa huduma. Alifika kliniki, akapimwa, ugonjwa ukatambuliwa na dawa akapewa. Alichokosa ni jina alilolielewa. Na mimi niliyekuwa na kazi ya kufundisha lugha nilimpotosha kwa neno ambalo sote tulidhani tunalijua.

Hebu tuyatenge maradhi haya mawili. Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi, nyuma ya mboni. Nuru hushindwa kupita, na mtu huona kama aliyevikwa kitambaa. Ndio ugonjwa unaoongoza duniani katika kupofusha watu, lakini hutibika: lenzi iliyochafuka hutolewa, ya bandia ikatiwa mahali pake, na uoni hurudi. Zamani wagonjwa waliambiwa wasubiri "liive" ndipo wapasuliwe. Kwa upasuaji wa siku hizi hakuna haja ya kungoja hivyo, ila neno limebaki vinywani mwa watu.

Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, ni jambo jingine kabisa. Aghalabu majimaji yaliyomo ndani ya jicho huzidi kusukuma, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha ubongoni huharibika kidogo kidogo. Kwa wengi hakuna maumivu. Uoni wa pembeni hutangulia kufa, nao wa katikati hubaki hadi mwisho, ndiyo maana mzee wangu aliweza kusoma namba ya basi huku akimgonga aliyesimama ubavuni pake. Dawa huzuia madhara yasiendelee, haifufui kilichokufa. Chumvi na hasira nilizomkataza hazikuwa dawa yake. Isitoshe, wako watu wenye ugonjwa huu ambao presha ya macho yao ni ya kawaida. Kwa hiyo jina hili, ingawa limeenea, lina kasoro, na baadhi ya waandishi hupendelea kusema shinikizo la jicho ili lisichanganywe na presha ya damu. Nami nawaunga mkono.

Watasema wasemao kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi za tiba. Sikubali. Tuna mtoto wa jicho, na tuna chamba, ule utando mweupe uliokaa juu ya jicho, ambao kila mtu akikutazama anauona. Upasuaji wa kumwondoa mtoto wa jicho hauondoi chamba, maana kimoja kiko ndani na kingine kiko nje. Tuna chokea, jipu dogo la ukingo wa kope. Tuna tongo, uchafu utokao jichoni, na chongo, hali ya kupotewa na jicho moja. Wanafunzi wangu huyachanganya haya mawili kila mwaka, na kila mwaka darasa hucheka. Tuna kiwi, lile giza la ghafla baada ya kutazama mwanga mkali. Na macho mekundu, yaliyowatesa watu wa Dar es Salaam na Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2024, hayakuhitaji mkalimani.

Wala tusidhani lugha za wenzetu zilizaliwa na istilahi za kisayansi. Neno wanalotumia Waingereza kwa mtoto wa jicho lilitoka katika Kilatini, na maana yake moja ilikuwa maporomoko ya maji. Waarabu huuita ugonjwa huo maji meupe, na glakoma huiita maji ya bluu. Ni tamathali za usemi kama yetu ya mtoto. Tofauti ni kwamba wao waliyafunga maneno yao kwa maana moja moja, wakayafundisha shuleni na kuyaandika kwenye kadi. Sisi tumeyaacha yetu yarande mitaani.

Tazama kengeza. Wahenga walinena kwamba ukipenda, chongo utaona kengeza. Yaani kengeza ni kilema kidogo, chongo ndicho kikubwa. Methali hii tunaifundisha kwa furaha. Lakini mtoto mdogo mwenye kengeza asipotibiwa mapema, ubongo wake waweza kuizoea picha ya jicho moja na kuipuuza ya jicho lililopinda, hata jicho hilo, ingawa ni zima kwa umbo, lisione sawasawa maishani. Kengeza likawa chongo! Na sisi walimu, tumefanya nini? Tumeliacha neno hili liwe lakabu ya kutania uwanjani, na mzazi akisikia mwanawe ana makengeza hudhani ametukanwa badala ya kudhani ameshauriwa.

Hali kadhalika ugonjwa unaoitwa trakoma huku Kenya. Watanzania huuita vikope. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nililiona la kitoto, mpaka nilipoelezwa ugonjwa unavyofanya kazi: vimelea huambukiza jicho mara kwa mara, kope hufanya kovu na kujikunja ndani, nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila mtu apepesapo. Ni jina gani lingeeleza hayo vizuri zaidi? Maradhi haya yamewasumbua sana wenzetu wa Turkana, Narok na Kajiado, ila katika madarasa ya Nairobi neno vikope halitajwi.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Basi kadi ya kliniki iandikwe mstari mmoja wa Kiswahili chini ya lile neno la Kiyunani: jina la ugonjwa, na kama uoni utarudi au hautarudi. Mstari huo haudai kamati wala semina. Nasi walimu wa Kiswahili tukae na wenzetu wa bayolojia, maana wao wanalo jicho na sisi tunayo maneno, na mwanafunzi huvipata vitu hivi viwili katika vyumba mbalimbali.

Mzee wa Makongeni aliishi miaka kadhaa baadaye, akitia matone yake asubuhi na jioni kwa uaminifu. Wakati huo nilikuwa nimekwenda kuuliza nilichopaswa kuuliza mwanzo, na nilikuwa nimejua kwamba ugonjwa huu hufuata ukoo. Nikamtafuta mwanawe mkubwa nikamsihi akapimwe, hata kama anaona vizuri. "Mwalimu, ni ile presha ya baba?" akaniuliza. "Mimi nimepimwa juzi, damu yangu haina neno." Nikamvutia kiti, nikachukua kipande cha chaki, nikamchorea jicho pale sakafuni.