Nilivyoomba fedha za sokoni kwenda chuo kikuu

Na Mwandishi Wetu, Rusumo

KILA Jumamosi asubuhi, kabla malori hayajajaa kwenye kituo cha mpakani, wanachama wa ikimina cha soko letu hukutana nyuma ya ghala la mchele na kuweka sarafu mezani. Kila mmoja hutoa faranga 200. Mhazini huandika jina na kuweka alama ya wino mwekundu kwenye daftari kubwa lenye jalada la bluu. Fedha hizo hazigawanywi kwa zamu kama za vikundi vingine. Hizi ni za kusomesha watoto.

Nazifahamu vizuri, maana bila hizo nisingefika chuo. Mwaka 2018 nilipokuwa kidato cha sita niliandika barua ya kuziomba, na kamati ikanirudishia ile barua.

Familia yetu ilivuka daraja la Rusumo kuja Rwanda mwezi Agosti 2013, wakati wa zoezi la kuwaondoa mkoani Kagera wahamiaji wasio na vibali. Mimi nilikuwa kidato cha pili Karagwe. Tulikaa kwanza kambi ya Kiyanzi, hapa hapa wilayani Kirehe, kisha tukapewa mahali pa kuishi. Mwaka uliofuata nilianza upya kidato cha pili. Kiingereza hakikunishinda, kwa sababu shule za sekondari za Tanzania hufundisha kwa lugha hiyo na Rwanda nayo ilikuwa imeacha Kifaransa. Kilichonitoa jasho ni Kinyarwanda. Nilikizungumza nyumbani, lakini kuandika insha ilikuwa kazi nyingine kabisa. Wenzangu walicheka nilipochomeka "lakini" na "kwa hiyo" katikati ya sentensi. Wasomaji waliorudi kutoka Ngara, Mbarara au Goma wanajua ninachosema.

Mama alianza na ndizi, akaingia kwenye mchele, na mwisho akaingia kwenye mitumba, ile tunayoiita caguwa. Hapo ndipo alipoinuka, na ndipo alipoangukia.

Hesabu yake ni hii, na mfanyabiashara yeyote wa mpakani ataielewa haraka. Hadi katikati ya mwaka 2016 ushuru wa mitumba kuingia Rwanda ulikuwa senti 20 za dola kwa kilo. Julai mwaka huo ukapandishwa hadi dola 2.50. Robota la kilo 45 lililokuwa likilipiwa dola 9 likawa linadaiwa dola 112 na nusu. Serikali ilieleza kuwa inataka kuinua viwanda vya nguo vya ndani, na huenda ni kweli. Lakini kwa mwanamke ambaye mtaji wake wote ulikuwa robota moja, biashara ilikuwa imekwisha siku hiyo.

Wapo walioacha. Wapo waliotafuta njia ya mtoni. Mama alikuwa kundi la pili. Machi 2017 alikamatwa usiku kwenye ukingo wa Akagera, robota likiwa bado ndani ya mtumbwi. Mzigo ukachukuliwa, faini ikalipwa kwa fedha za kukopa. Kwa wiki 28 mfululizo jina lake halikuwekewa alama nyekundu kwenye daftari la bluu. Mbele ya watu alisema anaumwa mgongo.

Sasa rudi kwenye barua yangu. Masharti ya mfuko yalikuwa manne. Mwombaji awe kidato cha sita na alete matokeo ya mihula iliyopita. Alete karatasi ya kiongozi wa mudugudu inayothibitisha anakoishi. Mzazi au mlezi awe amechangia miaka miwili bila kukatiza, au aeleze sababu. La mwisho, mwombaji aandike barua kwa mkono wake, kwa Kinyarwanda, Kiswahili au Kiingereza, na kuisoma mbele ya kamati. Yote yakamilike kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, ili kamati isije ikavutwa na alama za mwisho peke yake.

Wengi huona matokeo ndiyo jambo gumu. Si kweli. Sharti la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Nikiandika ukweli, namwanika mama mbele ya watu anaouza nao kila siku, na wengine ni wadeni wake. Nikidanganya, nadanganya kwa mkono wangu kwenye karatasi itakayobaki kwenye jalada la kikundi.

Nikadanganya. Niliandika kwa Kiingereza cha kupendeza kwamba mama aliugua mgongo. Nilisahihisha mara tatu, nikaipeleka kwa mhazini siku mbili kabla ya kikao.

Mhazini wetu ni mama mtu mzima aliyeishi Tanzania zaidi ya miaka 30. Aliisoma taratibu, akavua miwani.

"Mwanangu, barua hii umemwandikia nani?"

"Kamati, mama. Shikamoo tena."

"Marahaba. Kamati ina watu saba. Watano wanajua mama yako alikuwa wapi usiku ule, na wawili walikuwa naye. Kaandike nyingine. Na uandike kwa Kiswahili, hiki Kiingereza kinakuficha."

Nilifika nyumbani nimekasirika. Nilimweleza mama, nikitegemea atakataa. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alisema, "Andika. Ila andika na kilo zake, wasije wakafikiri ilikuwa mali ndogo."

Siku ya kikao nilisoma kurasa mbili. Niliandika kilo 45, faini, deni na wiki 28. Niliposoma neno "mtumbwi" mzee mmoja alikohoa, mwingine akatazama dari. Mwenyekiti akauliza swali moja tu: je, wiki hizo 28 zitalipwa? Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu kabla yangu. Zilikuwa faranga 5,600. Alizilipa kwa awamu nne, na mhazini akajaza alama zote, kila moja na wiki yake.

Tulikuwa waombaji watatu, nafasi zikiwa mbili. Kikundi kilikuwa na wanachama 60, kwa hiyo mwaka mzima huingiza faranga 624,000. Laki mbili hubaki kama akiba ya ugonjwa na misiba, na 424,000 zilizobaki hugawanywa kwa wanafunzi wawili, 212,000 kila mmoja. Fedha hizo hazilipi ada. Nilipopata nafasi Chuo Kikuu cha Rwanda, ada ilitokana na mkopo wa serikali kupitia benki ya maendeleo, BRD. Za sokoni zilinunua godoro, nauli ya kwenda Huye, fotokopi, na chakula cha wiki ambazo mkopo ulichelewa. Anayefikiri hayo ni madogo hajawahi kukaa chuoni wiki tatu akisubiri fedha ziingie benki.

Hata hivyo lipo jambo ambalo halijanitoka rohoni. Mwombaji wa tatu alikuwa kijana niliyekaa naye dawati moja. Alama zake zilikuwa juu ya zangu, hasa hesabu. Mama yake alikuwa kibarua wa kulima mashamba ya watu, hakuwa mwanachama, kwa sababu faranga 200 kila wiki hakuwa nazo. Kamati ilimsikiliza kwa heshima, ikamwambia masharti ni masharti. Nilisamehewa wiki 28 za magendo, naye hakusamehewa umaskini. Alirudi shambani, baadaye akaenda Kigali kwenye ujenzi.

Nimo kwenye kamati hiyo tangu mwaka 2023, na kila mwaka nalileta suala hili. Wenzangu wanajibu kwamba fedha ni za waliochanga. Ukifungua mlango kwa asiyechanga, kesho nani atachanga? Siwezi kusema hawana hoja. Michango ya namna hii imekuwa na mvutano huo siku zote, hata kwenye harambee za Kenya zilizosaidia vijana kwenda kusoma Marekani enzi za Tom Mboya, mwaka 1959, pale ndege ya kwanza ilipobeba wanafunzi 81. Aliyetoa kuku wake wa mwisho alitaka kujua aliyepanda ndege ni mtoto wa nani.

Mwaka jana tulikubaliana jambo moja dogo: mwanafunzi ambaye mzazi wake si mwanachama anaweza kudhaminiwa na mwanachama mwingine atakayemchangia faranga 100 kila wiki kwa mwaka mmoja kabla ya maombi. Hadi sasa wamejitokeza wadhamini wawili. Mmoja ni mama. Mtoto anayemdhamini yuko kidato cha tano, na jina lake liko ukurasa wa mwisho wa daftari la bluu, lina alama nyekundu 31.