Usiku Mmoja Katika Nyumba ya Simu

Tulitoka kwetu Malinyi, tukavuka mto Kilombero kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, hata tukafika Unguja kwa salama, Alhamdulillahi. Huko Shangani tulilala katika hoteli ya Serena, ambayo zamani ilikuwa nyumba ya simu za waya wa baharini; waya wa kutoka Aden ulifika kisiwani mwaka 1879. Taasisi ya Aga Khan iliitengeneza upya katika miaka ya 1990.

Nyumba za mawe hutaka chokaa. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta, na ukuta huharibika. Tusisahau kwamba Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Basi kutengeneza si anasa.

Lakini juu ya kitanda laini tulijiuliza: nyumba za namna hii zikiokolewa kwa fedha za wageni, jirani ataziingia lini? Kwetu mgeni hupewa mkeka na wali pasipo kuulizwa mfuko wake. Hapana shaka jengo lastahili kuhifadhiwa; na ukarimu uliolijaza zamani wastahili zaidi.